Hatua kwa Hatua: Safari ya Soka ya Mbwana Samatta

Mbwana Ally Samatta alizaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992. Hadi mwaka 2025 alikuwa amevaa jezi za klabu tisa katika nchi saba: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ubelgiji, Uingereza, Uturuki, Ugiriki na Ufaransa. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, wa kwanza kufunga katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, na mchezaji wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kutwaa tuzo ya mwanasoka bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Yote hayo yalikuja kwa mpangilio unaoeleweka. Ukifuatilia safari yake klabu baada ya klabu, utaona kwamba kila lango lililofunguka lilifunguliwa na mabao aliyofunga mahali alipokuwa kabla yake.

Mbagala na Msimbazi

Soka la ushindani la Samatta lilianzia Mbagala, kusini mwa jiji la Dar es Salaam, katika timu ya Mbagala Market, ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa African Lyon. Klabu hiyo haikuwa na mashabiki wengi wala makabati yaliyojaa vikombe, lakini ilimpa kijana kitu ambacho klabu kubwa huona ugumu kukitoa: nafasi ya kucheza kila wiki mbele ya mabeki watu wazima. Mwaka 2010 akasajiliwa na Simba, moja ya klabu mbili zinazogawana mapenzi ya mashabiki wa Tanzania.

Msimbazi, yalipo makao ya Simba, hakukaa muda mrefu, na sababu yake ni mechi mbili. Mwaka 2011 Simba ilipangwa na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe ilikuwa imetwaa kombe hilo mara mbili mfululizo, mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na kucheza na Inter Milan. Simba ilifungwa 3–1 Lubumbashi, ikafungwa tena 3–2 Dar es Salaam. Baadaye Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliiondoa Mazembe mashindanoni kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili, lakini Wakongo walikuwa wameshamwona waliyemtaka. Mshambuliaji wa miaka 18 alikuwa amewasumbua mabeki wa mabingwa wa Afrika, na mwaka huohuo wakamnunua pamoja na kiungo wa Uganda, Patrick Ochan.

Lubumbashi

Wakati huo wachezaji wengi wa Tanzania walioota soka la nje waliangalia Ulaya moja kwa moja. Wengi walikwenda kwa majaribio ya siku chache, katika baridi wasiyoizoea, mbele ya makocha wasiojua hata jina la ligi waliyotoka, kisha wakarudi nyumbani. Samatta alipita njia nyingine. Mazembe, chini ya tajiri na mwanasiasa Moïse Katumbi, ilikuwa klabu ya Kiafrika yenye uwanja wake Kamalondo, malipo ya uhakika, na kikosi chenye wachezaji kutoka Zambia, Ghana, Mali na Ivory Coast. Iliwapa vijana wake mechi kubwa kila mwaka. Isitoshe, Lubumbashi ni mji wa Waswahili wa Katanga. Kiswahili chao kina ladha yake, lakini mtoto wa Mbagala hakuhitaji mkalimani sokoni, na Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuwa naye kikosini.

Katika misimu yake ya mwanzo hakuwa mshambuliaji wa kwanza wa timu. Kikosini kulikuwa na nyota kama Trésor Mputu na Rainford Kalaba, na mara nyingine alipangwa pembeni. Miaka hiyo ilimfundisha kukimbia kuanzia ubavuni kwenda katikati, kukaba akiwa mbele na kucheza bila kugusa mpira kwa dakika nyingi. Mazembe ilitwaa ubingwa wa Kongo mara kadhaa akiwa kikosini, na mwaka 2013 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF, ambako ilishindwa na CS Sfaxien ya Tunisia.

Mwaka 2015 ndio ulioibadili hadhi yake. Chini ya kocha Mfaransa Patrice Carteron, Mazembe ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kukutana na USM Alger. Katika mechi ya kwanza, Algiers, tarehe 31 Oktoba, Kalaba alifunga la kwanza na Samatta akaongeza la pili kwa penalti. Mazembe ikashinda 2–1 ugenini. Marudiano yalichezwa Lubumbashi tarehe 8 Novemba, na kwa zaidi ya saa moja hakukuwa na bao. Ndipo Mazembe ikapata penalti nyingine. Samatta akapiga, akafunga, na Roger Assalé akakamilisha ushindi wa 2–0. Penalti mbili katika mechi mbili za fainali, mbele ya umati unaozomea na umati unaoomba, zinapima moyo wa mshambuliaji kuliko mabao kumi ya kawaida ya ligi. Alimaliza mashindano akiwa na mabao saba, akiwa mfungaji bora sawa na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh ya Sudan.

Tarehe 7 Januari 2016, jijini Abuja, CAF ilimtangaza kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Aliyemfuata alikuwa kipa wa klabu yake mwenyewe, Robert Kidiaba. Kwa nchi ambayo timu yake ya taifa haikuwa imecheza fainali za Afrika tangu mwaka 1980, tuzo hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko ubingwa wowote wa ndani.

Genk

Mwezi huohuo akasaini KRC Genk ya Ubelgiji. Genk ni mji wa Limburg uliojengwa na machimbo ya makaa ya mawe, na klabu yake inajulikana kwa jambo moja: kununua vijana, kuwakuza na kuwauza. Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois walilelewa hapo. Samatta alipofika aliwakuta Wilfred Ndidi wa Nigeria na Leon Bailey wa Jamaika, ambao wote wangeuzwa ndani ya miaka miwili.

Ubelgiji ilikuwa imeshakuwa mlango wa Ulaya kwa Waafrika wengi. Ligi yake haiwekei klabu ukomo mkali wa wachezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, ila huzitaka ziwalipe mshahara wa kima cha juu. Kwa hiyo mchezaji wa nje anayesajiliwa huko hachukuliwi kwa majaribio; klabu imeshamlipia na lazima imtumie. Mkenya Victor Wanyama alipitia Beerschot kabla ya Celtic na Southampton. Samatta akaifuata barabara hiyohiyo akiwa na umri wa miaka 23, tayari bingwa wa bara lake.

Msimu wa 2016/17 Genk ilifika robo fainali ya Ligi ya Europa. Katika hatua ya 16 bora ilikutana na Wabelgiji wenzake, Gent, ikashinda 5–2 ugenini, na Samatta akafunga mara mbili. Celta Vigo ya Hispania ndiyo iliyowatoa. Agosti 2018, katika mechi ya mtoano ya mashindano hayohayo, alifunga mabao matatu peke yake Genk ilipoifunga Brøndby ya Denmark 5–2. Hiyo ilikuwa dalili ya msimu uliokuwa unakuja.

Msimu wa 2018/19 ndio bora kuliko yote aliyocheza Ulaya. Kocha Philippe Clement alikuwa na viungo waliojua kutoa pasi mapema: Ruslan Malinovskyi wa Ukraine na Alejandro Pozuelo wa Hispania, huku Leandro Trossard akitokea pembeni. Timu hiyo iliendana na Samatta vizuri mno. Yeye si mshambuliaji wa kusimama na kungoja mpira mguuni. Ubora wake uko katika mbio za kuingia kati ya mabeki wawili, katika kuwahi nguzo ya karibu ya goli, na katika kuruka kwa kichwa kwa wakati sahihi ingawa si mrefu kupita mabeki wa kati. Pasi ilipotoka mapema, alikuwa ameshaondoka. Alifunga mabao 23 ya ligi, akashika nafasi ya pili kwa wafungaji nyuma ya Hamdi Harbaoui, na Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Mwaka huohuo akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya nchi hiyo.

Ubingwa uliifikisha Genk Ligi ya Mabingwa Ulaya. Tarehe 17 Septemba 2019, huko Salzburg, timu ilifungwa 6–2 na kijana Erling Haaland alifunga matatu, lakini moja ya mabao ya Genk lilikuwa la Samatta, la kwanza la Mtanzania katika mashindano hayo. Tarehe 5 Novemba Genk ilicheza Anfield dhidi ya Liverpool, mabingwa watetezi wa Ulaya. Kona ikapigwa, Samatta akawahi mbele ya walinzi na kuipiga kwa kichwa wavuni. Liverpool ilishinda 2–1, ila klabu za Uingereza zilikuwa zimeona alichoweza kufanya kwenye ardhi yao.

Birmingham

Tarehe 1 Januari 2020 Aston Villa ya Birmingham ilimpoteza mshambuliaji wake, Wesley, kwa jeraha baya la goti. Ilihitaji mfungaji upesi, tena wa bei inayobebeka. Tarehe 20 Januari ikatangaza usajili wa Samatta kwa mkataba wa miaka minne na nusu.

Kikwazo kimoja kilikuwa kibali cha kazi. Kanuni za wakati huo zilitoa kibali moja kwa moja kwa mchezaji wa taifa lililo ndani ya 50 bora za FIFA, mradi awe amecheza sehemu kubwa ya mechi za taifa lake. Tanzania ilikuwa mbali na orodha hiyo. Mchezaji wa aina yake alitakiwa kupita kwenye jopo lililopima thamani ya uhamisho, mshahara, na kiwango cha ligi na mashindano aliyochezea. Hapo ndipo miaka minne ya Genk ilipolipa. Kama angetaka kwenda Uingereza moja kwa moja kutoka Simba, au hata kutoka Mazembe, mlango huo ungekuwa mgumu sana kufunguka.

Alianza vizuri. Mechi yake ya kwanza ilikuwa marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester City, na Villa ikashinda 2–1 kwa bao la dakika za nyongeza. Siku nne baadaye, tarehe 1 Februari, alifunga ugenini kwa Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, ingawa Villa ilipoteza 2–1. Tarehe 1 Machi akasimama Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. City ilikuwa mbele kwa mabao mawili pale Anwar El Ghazi alipomimina krosi, na Samatta akajirusha na kufunga kwa kichwa. Fainali ilikwisha 2–1. Villa ilikosa kombe, lakini jina la Mtanzania liliandikwa kwenye orodha ya wafungaji wa fainali za Wembley.

Baada ya hapo mambo yakawa magumu. Janga la korona lilisimamisha ligi mwezi Machi, na ilipofunguliwa Juni Villa ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Timu ilicheza nyuma, mashambulizi yake yalipita zaidi miguuni mwa Jack Grealish upande wa kushoto, na mshambuliaji wa kati alibaki akigombea mipira mirefu akiwa na mgongo kwa goli. Huo haukuwa mchezo wa Samatta. Villa ilinusurika siku ya mwisho kwa sare ya 1–1 na West Ham, naye akamaliza na mabao mawili katika mechi 16. Klabu ilipomnunua Ollie Watkins mwezi Septemba 2020, ilikuwa wazi kwamba nafasi yake imekwisha.

Ni kosa kuhesabu miezi hiyo minane kama kushindwa tu. Aliingia katikati ya msimu, kwenye timu iliyokuwa inazama, akacheza kwa wiki chache kabla ya ligi kusimama. Lakini pia ni kweli kwamba Villa ilimnunua kwa haraka ya kuziba pengo, bila kuwa na mchezo unaomfaa. Mshambuliaji anayetegemea pasi za mapema hudhoofika haraka asipozipata.

Istanbul, Antwerp na Genk tena

Mwishoni mwa Septemba 2020 alikwenda Fenerbahçe ya Istanbul, kwanza kwa mkopo wenye sharti la kununuliwa. Fenerbahçe ilikuwa na washambuliaji wengi msimu huo, akiwemo Msenegali Papiss Cissé na Enner Valencia wa Ekuador, na presha ya mashabiki wanaodai ubingwa kila mwaka. Ilimaliza nafasi ya tatu, pointi mbili tu nyuma ya bingwa Beşiktaş. Samatta alifunga mabao machache na hakuwahi kuwa chaguo la kwanza bila ubishi.

Msimu wa 2021/22 alirudi Ubelgiji kwa mkopo, safari hii Royal Antwerp, ambako alifunga katika Ligi ya Europa dhidi ya Eintracht Frankfurt, timu iliyokuja kutwaa kombe hilo. Msimu uliofuata akarudi Genk, pia kwa mkopo. Genk ilikaribia ubingwa hadi siku ya mwisho, Juni 2023, ilipoikaribisha Antwerp. Bao la Toby Alderweireld katika dakika za nyongeza likaifanya mechi kuwa 2–2 na kuipa Antwerp ubingwa.

Kipindi hiki ndicho kinachoeleza vizuri maisha ya mshambuliaji anayehama mara kwa mara. Mchezaji wa mkopo hufika kambini akijua kwamba klabu haikumlipia gharama kubwa, hivyo kocha halazimiki kumngoja. Anabadili nyumba, lugha ya chumba cha kubadilishia nguo, mfumo wa mazoezi na wachezaji wa kumpasia, kisha anatakiwa kufunga mwezi wa kwanza. Wengi hupotea hapo. Samatta hakupotea kwa sababu aliendelea kufanya kazi isiyoonekana kwenye takwimu: kukaba kuanzia mbele, kuvuta mabeki na kufungulia wenzake nafasi.

Thessaloniki na Le Havre

Julai 2023 alisaini PAOK ya Thessaloniki, Ugiriki, chini ya kocha Mromania Răzvan Lucescu. Akiwa na miaka 30, alikuwa sasa mchezaji mzoefu anayegawana dakika na wengine. Msimu huo PAOK ilifika robo fainali ya Ligi ya Conference ya Ulaya, na Mei 2024 ikatwaa ubingwa wa Ugiriki kwa kuwafunga mahasimu wao wa mji huo, Aris, siku ya mwisho. Samatta akawa bingwa wa ligi katika nchi ya tatu, baada ya Kongo na Ubelgiji. Mwaka 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa, klabu ya mji wa bandari iliyoanzishwa karne ya 19, na kuingia ligi nyingine kubwa ya Ulaya akiwa na umri wa miaka 32.

Taifa Stars

Pamoja na safari zote hizo, aliendelea kuitika wito wa timu ya taifa, Taifa Stars. Februari 2013 alifunga bao pekee Tanzania ilipoishinda Kameruni Dar es Salaam, na mwezi uliofuata akafunga mawili katika ushindi wa 3–1 dhidi ya Moroko. Novemba 2015 alifunga katika sare ya 2–2 na Algeria, kisha siku tatu baadaye akaonja uchungu wa kufungwa 7–0 huko Blida. Mwaka 2016 akakabidhiwa unahodha baada ya Nadir Haroub, maarufu kama Cannavaro.

Akiwa nahodha, Tanzania ilifuzu fainali za Afrika za 2019 nchini Misri, baada ya kusubiri miaka 39. Ilipoteza mechi zake zote tatu, lakini dhidi ya Kenya iliongoza mara mbili, mara ya pili kwa bao la Samatta, kabla ya kufungwa 3–2. Katika fainali za Ivory Coast zilizochezwa Januari 2024, alimpasia Simon Msuva bao lililoipa Stars sare ya 1–1 na Zambia. Novemba 2024 Tanzania ikafuzu tena, kwa fainali za 2025 nchini Moroko, kwa kuifunga Guinea 1–0. Nchi iliyokuwa ikizitazama fainali hizo kwenye televisheni kwa karibu miongo minne ilizizoea ndani ya kizazi cha mchezaji mmoja.

Thamani ya njia aliyopita

Tanzania ilikuwa na wachezaji waliovuka bahari kabla yake. Sunday Manara alicheza Uholanzi katika miaka ya 1970. Tofauti ya Samatta ni kwamba aliacha njia inayoonekana, ambayo klabu, wakala na mzazi wanaweza kuisoma. Baada yake Kelvin John alisajiliwa na Genk, na Novatus Miroshi akacheza Ubelgiji, Ukraine na Uturuki.

Njia hiyo ina mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba klabu kubwa ya Afrika yenye mechi za kimataifa inaweza kumjenga mchezaji kuliko majaribio ya wiki moja Ulaya. La pili ni kwamba ligi ya kati, kama ya Ubelgiji, hutoa dakika za kucheza, na dakika hizo ndizo zinazofungua vibali na mikataba. La tatu limo katika tofauti kati ya Genk na Villa: mshambuliaji achague timu kwa jinsi inavyocheza, kabla hajaangalia ukubwa wa jina la klabu. Vijana wa Kitanzania wanaotaka kufika alikofika Samatta waanze na mafunzo hayo, na viongozi wa klabu zao wawaruhusu waondoke wakiwa bado na umri wa kukua.